Safari na Masurufu Yake: Somo la Kusafiri kwa Kadiri



Somo letu la mara hii lahusu jambo ambalo kila nyumba katika miji yetu ya pwani imelipitia, nalo ni gharama za safari. Hatukusudii kumkataza mtu kusafiri. Kusafiri kuna faida zilizo wazi: mtu huunga udugu, hutafuta elimu na matibabu, huona athari za waliotangulia, na huupumzisha mwili uliochoka kwa kazi. Tunalokusudia ni kuangalia kwa nini safari ya wiki moja humla mtu mapato ya miezi mitatu, na ni njia gani zilizo mikononi mwetu za kulizuia hilo.

Jambo lenyewe hudhihiri zaidi kila mwisho wa mwaka. Shule hufungwa, watoto huwa nyumbani, harusi hupangwa mfululizo, jamaa walio Nairobi huteremka pwani, na walio pwani hupanda Nairobi. Ikifika Januari, mtoto yule yule aliyepigwa picha stesheni amevaa nguo mpya hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hapo ndipo tunapojua safari ile ililipiwa na nini. Mzazi aliyefanya hivyo amemkopesha mwanawe furaha ya siku saba, kisha akamlipisha kwa aibu mbele ya wenzake. Basi tulitazame jambo hili moja baada ya moja, kama inavyotazamwa hesabu yoyote ya nyumba.

1. Nauli si gharama yote

Muulize mtu safari yake itamgharimu kiasi gani, aghlabu atakutajia nauli. Nauli ndiyo gharama iliyo wazi kuliko zote, na kwa hivyo ndiyo isiyotuhadaa. Zinazotuhadaa ni zile zisizoandikwa popote: teksi ya kufika stesheni, maji na vitafunio vya njiani, nguo za kuvaa ugenini, zawadi za kwenda nazo na zawadi za kurudi nazo, matembezi ya kila jioni huko tuendako, na sadaka na michango ya watu tunaowakuta.

Tuchukue mfano wa gari la moshi la Mombasa na Nairobi lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, na ya Nairobi iko Syokimau, zote mbili mbali na katikati ya mji. Mtu wa Kibokoni au Majengo mwenye watoto na mizigo, akikodi gari mpaka Miritini, kisha akakodi jingine kutoka Syokimau, na siku ya kurudi akafanya vivyo hivyo, atakuwa amelipia magari manne ambayo hakuyatia katika hesabu yake hata mara moja. Ilhali matatu huenda Miritini, na kutoka Syokimau kuna gari la moshi la kuwapeleka abiria katikati ya Nairobi.

Kuna gharama nyingine iliyojificha kuliko zote, nayo ni wiki ya kwanza baada ya kurudi. Unga umekwisha, umeme umekwisha, mwenye duka amengoja deni lake, na mshahara bado siku kumi. Wengi wetu huhesabu safari mpaka siku ya kufika nyumbani. Yapasa ihesabiwe mpaka siku ya mshahara unaofuata. Mtu akiishika kanuni hii peke yake katika somo hili, itamtosha.

2. Aijue nia ya safari yake

Kabla ya kutafuta bei, mtu ajiulize: naenda kufanya nini? Anayekwenda kumtazama mama mgonjwa hawezi kungoja. Ataondoka leo kwa nauli yoyote atakayoikuta. Anayekwenda kupumzika aweza kungoja mwezi mmoja au miwili. Anayekwenda harusini amepangiwa siku na wengine, lakini hakupangiwa kukaa wiki mbili wala kuchukua nyumba nzima.

Twasema haya kwa sababu twaona safari za mapumziko zikiendeshwa kwa haraka ya safari za ugonjwa, na gharama zake zikawa za haraka vile vile. Aidha ziko safari ambazo mtu akijiuliza kwa haki ataona kuwa nia yake ni kuonekana amesafiri. Jirani amekwenda, naye lazima aende. Jirani ametuma picha, naye lazima atume. Safari ya namna hii haina kikomo cha matumizi, kwa kuwa kipimo chake kimo mfukoni mwa mtu mwingine.

3. Angoje msimu

Wazee wetu walikuwa mabingwa wa jambo hili. Majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yaliteremka huku kwa kaskazi, yakakaa bandarini miezi, na yakarejea kwao kusi ilipoanza kuvuma mnamo Aprili na Mei. Nahodha hakuona haya kungoja, wala hakuna aliyemwita bahili kwa kuwa hakutweka tanga dhidi ya upepo. Alijua kuwa anayeshindana na msimu hupoteza mali, na pengine hupoteza chombo pia.

Leo upepo wetu ni bei. Nauli za mabasi hupanda Desemba na siku za kukaribia sikukuu, na hushuka wasafiri wanapopungua. Nyumba za wageni za pwani huwa ghali Desemba na Agosti, na hupunguza bei baada ya Pasaka mpaka Juni, wakati wa masika. Mwenye watoto wa shule hana uhuru wote wa kuchagua, lakini anao kidogo: likizo za Aprili na Agosti zipo, na hata ndani ya Desemba kuna tofauti baina ya kuondoka wiki ya kwanza na kuondoka siku mbili kabla ya mwisho wa mwaka.

Kwa sikukuu zetu tukumbuke kuwa mwaka wa Kiislamu hutangulia ule wa miladi kwa siku kama 11. Kwa hivyo Idi huhama, miaka mingine huangukia karibu na likizo na miaka mingine huwa mbali nayo. Mwenye kutazama kalenda mapema hujua tangu mwanzo wa mwaka ni lini itafaa kusafiri na ni lini itafaa kusali Idi mtaani pake na kusafiri baadaye.

4. Hesabu ya nauli

Sasa tuje kwenye tarakimu. Januari 2024 nauli ya gari la moshi ya Mombasa na Nairobi ilipandishwa: daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 mpaka 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 mpaka 4,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 kwa nusu ya hiyo. Msafiri aulize bei ya siku yake kabla ya kukata tikiti, lakini tuzitumie tarakimu hizi kwa kujifunza.

Tuseme nyumba ina baba, mama, kijana wa miaka 14, na watoto wawili wa miaka 9 na 5. Kwa daraja la kawaida, watatu wa nauli kamili ni shilingi 4,500, na wawili wa nusu nauli ni 1,500. Jumla 6,000 kwenda, na 12,000 kwenda na kurudi. Kwa daraja la kwanza, watatu ni 13,500 na wawili ni 4,500. Jumla 18,000 kwenda, na 36,000 kwenda na kurudi.

Tofauti ni shilingi 24,000. Gari ni moja, reli ni moja, na wa nyuma na wa mbele hufika Syokimau dakika moja. Kilichonunuliwa kwa 24,000 ni upana wa kiti kwa saa chache. Mgonjwa au mzee mwenye maumivu ya mgongo ana udhuru wa kununua upana huo, na asilaumiwe. Mwenye afya ajiulize kama angekubali kutoa fedha hizo hizo, taslimu, kwa ajili ya kiti akiwa nyumbani kwake.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayekwenda Amu. Basi humteremsha abiria Mokowe, na hapo hapana budi kuvuka kwa chombo. Mwenye subira hupanda mashua ya abiria wote. Asiye na subira hukodi mashua peke yake na akalipa viti vyote vitupu. Na akishafika Amu, mji wenyewe ni wa kutembea kwa miguu, na hata Shela hufikika kwa miguu kwa kufuata ufuo maji yakiwa yametoka.

5. Mgeni na mwenyeji

Hapa twaomba msomaji asikilize sana, kwa kuwa wengi huona kuwa wameokoa fedha wanapofikia kwa jamaa, kumbe wamezihamisha tu gharama kutoka mfuko wao hadi mfuko wa mwenyeji.

Ukarimu ni sifa ya kale ya pwani hii. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita huku. Alipofika Mogadishu aliletewa wali kwa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili na embe, na chakula hicho kikaletwa mara tatu kwa siku. Kisha alilala usiku mmoja Mombasa na akaendelea mpaka Kilwa. Walakini tuangalie: mwenyeji wake wa Mogadishu alikuwa mtawala wa mji, mwenye hazina. Mwenyeji wetu wa leo ni karani au fundi anayelipa kodi ya vyumba viwili Nairobi, anayenunua maji, na ambaye watoto wake huhamishwa vitandani ili sisi tulale. Yeye hatasema neno. Atakopa kwa mwenye duka, atatupikia biriani, na atatusindikiza kwa tabasamu. Tukishaondoka, mkewe ndiye atakayejua tumekula kiasi gani.

Haki ya mgeni katika sheria yetu ni siku tatu. Zaidi ya hapo ni hisani ya mwenyeji, na mgeni amekatazwa kukaa mpaka amtie mwenzake katika dhiki. Na wazee wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi anayefikia kwa jamaa na afanye haya. Apeleke habari mapema aseme wako wangapi na siku ngapi. Siku ya kwanza aingie na mchele, mafuta, sukari na kitoweo, wala asingoje kuulizwa. Akikusudia kupita siku tatu au nne, atafute chumba cha kupanga, na familia mbili zikishirikiana nyumba moja yenye jiko, kila mmoja hulipa nusu na hupika chakula chake. Kwa njia hii udugu hubaki, na mwakani mlango utafunguliwa tena kwa moyo safi.

6. Chakula na zawadi

Chakula cha njiani ni ghali kwa kuwa mnunuzi hana pengine pa kwenda. Basi linaposimama, bei huongezeka. Nyumba iliyoondoka na mahamri, mayai ya kuchemsha, katlesi, maji na chupa ya chai haina haja na bei hizo. Jambo hili mama zetu walilifanya bila kufundishwa. Lililotuingia siku hizi ni haya ya kufungua kikapu mbele za watu, nayo ni haya iliyowekwa mahali pasipo pake.

Zawadi nazo zina adabu yake. Kupelekeana zawadi kunaleta mapenzi, na halua ya Amu au mabuyu na achari za Mombasa hupendwa kokote zipelekwapo. Lakini tumeigeuza zawadi kuwa kodi. Msafiri hajashuka huulizwa, "Umetuletea nini?" na asiye na jibu huonwa hana heshima. Dawa ni mbili. Anayesafiri aandike majina ya watu na kiasi cha fedha kabla ya kuondoka, wala asikipite. Na sisi tunaobaki tuache swali hilo kabisa. Amwonaye msafiri amuulize habari za njia na afya yake.

7. Hoja ya mwenye kukopa

Huenda mtu akasema: "Maisha ni mafupi, watoto wanakua, na fedha sina. Nitakopa kwa simu, nitalipa pole pole."

Tunamjibu kwa mambo mawili. La kwanza, mkopo wa simu hutolewa kwa dakika moja lakini nyongeza yake hailali, na nyongeza hiyo juu ya deni sisi sote twajua jina lake na hukumu yake. La pili ni kubwa zaidi. Hija ni nguzo ya dini, na juu ya hivyo haikufaradhishwa ila kwa mwenye uwezo. Maulamaa wameeleza kuwa katika uwezo huo ni mtu kuwa na masurufu ya njiani, na masurufu ya wale anaowaacha nyumbani mpaka arejee, baada ya kutoa madeni yake. Ikiwa safari ya kwenda Makka yenyewe imeondolewa kwa asiyekuwa nayo, ni nani aliyetufaradhia safari ya kwenda kutembea? Asiyeweza mwaka huu hana dhambi wala aibu. Na aweke akiba aende mwakani.

8. Kuweka akiba

Katika jambo hili kuna mfano wa ndugu zetu wa Malaysia unaofaa kuigwa. Wanavijiji wao walikuwa wakiuza mashamba na mifugo ili waende hija, kisha wakirudi wakawa maskini. Mwaka 1959 mwalimu wa uchumi, Ungku Aziz, alitoa shauri kuwa kiundwe chombo cha kuwekea akiba ndogo ndogo za wanaokusudia kuhiji, na fedha hizo zifanyiwe kazi bila ya riba. Chombo hicho kilianza kazi mwaka 1963, na ndicho kinachojulikana leo kwa jina la Tabung Haji. Shamba likabaki kwa mwenyewe, na hija ikapatikana.

Lililowezekana kwa safari kubwa kama hija lawezekana kwa safari ndogo. Michezo ya pesa twacheza, na vyama vya kuchangiana tunavyo. Kwa nini pasiwe na fungu la safari? Anayeweka shilingi 500 kila wiki huwa na 26,000 mwisho wa mwaka. Kwa ile nyumba yetu ya watu watano, haya ndiyo makadirio yetu:

Nauli, kwenda na kurudi: 12,000
Kufika stesheni na kutoka, katika miji yote miwili: 3,000
Kitoweo na vyakula kwa mwenyeji: 5,000
Zawadi: 2,000
Matembezi: 2,000
Dharura: 2,000
Jumla: 26,000

Fungu la dharura lisiguswe ila kwa dharura. Likirudi salama, ndilo la ile wiki ya kwanza tuliyoitaja. Wala karo ya Januari isiwe ndani ya hesabu hii. Iwekwe mbali, mahali ambapo mkono wa safari haufiki.

9. Safari za karibu

Mwisho, tusidhani kuwa safari ni lazima iwe ya mbali. Wako watu Mombasa waliozaliwa na kuzeeka kando ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, wala hawajaingia ndani, ilhali wageni huvuka bahari kuja kuitazama. Ngome hiyo iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Mji wa kale wa Amu uliandikwa mwaka 2001, na magofu ya Gede mwaka 2024. Gede iko karibu na Malindi, na humo mtoto ataona msikiti, nyumba za mawe na visima vya Waislamu waliokaa hapo karne nyingi kabla yake. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, mradi achukue kitambulisho chake. Na feri ya Likoni haimtozi nauli anayevuka kwa miguu. Siku moja ya namna hii, pamoja na kikapu cha chakula na mzazi anayejua kueleza, humfaa mtoto kuliko wiki nzima ya kuzungushwa madukani.

Maswali ya kuzungumzwa darasani

1. Taja gharama tano za safari zisizokuwa nauli. Katika safari yako ya mwisho, ni ipi uliyoisahau?
2. Ni nani mwenye udhuru wa kusafiri kwa bei ya juu, na ni nani asiyekuwa nao?
3. Jamaa yako wa Nairobi ana vyumba viwili na watoto wanne. Wewe una watu watano na siku sita. Utafanyaje?
4. Kila mmoja aandike mapato yake, karo ya Januari, na matumizi ya wiki ya kwanza baada ya safari. Baada ya kuyatoa hayo, amebakiwa na kiasi gani cha kusafiria?

Wabillahi tawfiki.